Betri haina kosa: anayekula kilomita ni mkono wa dereva

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa hapa Niemba, na ninyi ndugu zetu mlioacha vijiji vyenu na leo mnalala kwa watu, safari hii sileti habari ya mkutano wala ya ugeni wa mkubwa fulani. Nataka tugombane kidogo, kama watu wa nyumba moja wanavyogombana, kisha tukae tule pamoja.

Wiki hii, karibu na gare, kijana mmoja alitoa simu yake akawaonyesha wenzake video ya pikipiki za umeme zinazobeba abiria kule Kigali. Wamotari waliokuwa pale walicheka. Mmoja akasema: "Kitu kile hakifiki hata nusu ya njia ya Kalemie. Betri itafia porini." Mfanyabiashara aliyekuwa anapita akamjibu kwamba mashine ile inakwenda kilomita 100 kwa chaji moja, imeandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Papa mmoja mzee akafunga maneno: "Betri zinatoka kwa mawe yetu ya Manono, lakini sisi tutazitazama kwenye simu tu."

Niliwasikiliza wote watatu. Motari anaweka kosa kwa betri, mfanyabiashara anaamini karatasi, mzee anamlaumu mzungu na mchina. Hakuna aliyetaja mkono unaoshika gazi. Nasema hivi, na anayetaka kunijibu anijibu: kilomita haziko ndani ya betri peke yake, kama zisivyo ndani ya lita ya esansi peke yake. Nusu ya maneno iko mkononi mwa dereva. Na anayelipa uharibifu wa mkono ule si dereva. Ni mama aliyekaa nyuma.

Nitoe ushahidi wangu. Msimu uliopita tulitoka hapa alfajiri pikipiki mbili kuelekea Kalemie. Mashine za aina moja, esansi ya kipimo kimoja, kila moja na abiria na mzigo. Mimi nilikuwa nyuma ya motari wa makamo, mtu wa maneno machache. Pikipiki ya pili ilibeba mama mmoja na mtoto wake mgonjwa. Kijana aliyeiendesha alikuwa na haraka: penye njia nzuri anafungua gazi mpaka mwisho, penye shimo anafunga breki kwa nguvu, kisha anafungua tena. Alitupita mara nne. Mara nne tukamkuta mbele, amesimama kabla ya daraja la miti au anasukuma kwenye mchanga. Mara ya tano tulimkuta amekaa chini. Esansi ilikuwa imekwisha. Yule mama alikuwa amefunika mtoto kwa kitenge kando ya barabara, jua limekwisha kuwa kali. Ikabidi atoe pesa tena, ile aliyoiweka kwa dawa, ili inunuliwe chupa ya esansi kwa bei aliyotaka muuzaji wa kijiji. Sisi tulifika na akiba kwenye tangi.

Njia ilikuwa moja, esansi moja, mzigo karibu sawa. Kilichotofautiana ni mkono. Na aliyelipa ni yule mama.

Sasa tuhesabu, kwa sababu hasira bila hesabu ni kelele. Pikipiki yenye watu wawili na mzigo ina uzito wa karibu kilo 300. Ikikimbia kilomita 60 kwa saa, imebeba ndani ya mwendo wake nguvu ya karibu wati-saa 12. Ukifunga breki ghafla, nguvu ile yote inageuka joto kwenye breki na kupotea hewani. Pikipiki ya umeme ya kawaida inakula karibu wati-saa 40 kwa kila kilomita. Maana yake, kila unapokimbia mpaka 60 na kufunga breki mbele ya shimo, umetupa mwendo wa karibu mita 300. Njia ya Kalemie ina mashimo mangapi? Tuseme unafanya hivyo mara 50 tu. Umetupa kilomita 14. Betri ya kilowati-saa 3 inatoa kilomita 75 hivi. Kwa hiyo umekula karibu sehemu moja ya tano yake bila kumsogeza abiria hata hatua.

Lakini ukilikaribia shimo lile lile na mwendo wa 30, hasara si nusu. Ni robo. Mwendo ukirudufu, nguvu iliyomo inakuwa mara nne. Hii si maneno ya kampuni wala ya serikali, ni namna vitu vilivyoumbwa.

Upepo nao una deni lake. Ukitoka 40 kwenda 60, nguvu unayotumia kusukuma upepo kwa kila kilomita inapita mara mbili. Motari anayekaa wima, koti limefunguka, nyuma amefunga magodoro na madumu matupu, anaburuta ukuta. Tena kuna tairi: tairi iliyopungua upepo inabonyea chini na kuvuta mashine nyuma kila inapozunguka. Wangapi kati yenu wanapima upepo asubuhi? Wengi wanapiga teke moja kwenye tairi, basi, safari.

Mtu ataniambia: "Bwana mwandishi, haraka inaleta pesa." Tuhesabu tena. Chukua vipande vizuri vya njia, tuseme kwa jumla kilomita 20. Kwa mwendo wa 40 unavimaliza kwa dakika 30. Kwa mwendo wa 60, dakika 20. Umeokoa dakika 10. Dakika hizo utaziacha zote kwenye daraja la kwanza, unapongoja wenzako wavuke, au kwenye kizuizi unapotafuta karatasi. Njia yetu haipimwi kwa vipande vizuri, inapimwa kwa vipande vibaya, na kipande kibaya hakijali ulikuja nacho kwa mwendo gani. Haraka ya njia yetu ni kununua dakika 10 kwa pesa ya mtu mwingine.

Kwa esansi tumezoea kuvumilia ujinga huu kwa sababu Kadhafi yupo kila kona na chupa zake. Ikikwisha, unatuma mtoto, unamimina, unaendelea. Kwa umeme mchezo umekwisha. Hakuna Kadhafi anayeuza umeme kwa chupa porini. Kutoka hapa mpaka Kalemie, hata ndege anayeruka moja kwa moja hapungui kilomita 80, na barabara yetu haijanyoka kama njia ya ndege. Kwa hiyo pikipiki ile yenye kilomita 75 haifiki kwa chaji moja, hata akiiendesha mtakatifu. Nasema hivi wazi ili mfanyabiashara asije akatuuzia ndoto. Lakini kwa kazi ya hapa hapa, kutoka mashamba mpaka soko, kutoka kijiji mpaka kituo cha afya, kilomita 75 za mkono mpole zinaweza kumaliza siku nzima. Kilomita 55 za mkono wa fujo zitamwacha mama mwenye uchungu wa kuzaa gizani.

Tena umeme wenyewe tutautoa wapi? Kalemie inategemea mtambo wa Bendera. Hapa kwetu wengi umeme tunaoujua ni wa paneli juu ya paa. Paneli moja ya wati 300, kwa siku ya jua zuri, inaleta karibu kilowati-saa moja na robo. Betri ile ya kilowati-saa 3 itakunywa jua la siku mbili na zaidi. Zile breki 50 zimekula wati-saa 600, karibu nusu ya siku nzima ya jua la paneli moja. Kijana akijivunia mwendo wake, mwambie hivyo: umetupa jua la asubuhi yote.

Kuna wanaosema usiogope, mashine za kisasa zinamsaidia dereva zenyewe. Ni kweli, kiasi. Tuzitazame moja moja, tusije tukauziwa jina.

Ya kwanza ni breki inayorudisha umeme. Ukiachia gazi, mota inageuka dinamo, inapunguza mwendo na kurudisha kidogo kwenye betri. Ni jambo zuri sana kwenye mteremko mrefu. Lakini hairudishi vyote, na pikipiki nyingi za bei ndogo hazina kabisa. Hata yenye nayo inamsaidia anayeachia gazi mapema, akiliona shimo kwa mbali. Anayefika nalo kisha anakanyaga breki ya chuma, hapati kitu. Na ukiijaza betri mpaka juu kabisa kisha uanze safari kwa kuteremka, haina nafasi ya kupokea. Chombo kinasaidia dereva mwenye macho. Dereva kipofu hakimsaidii.

Ya pili ni kile kitufe cha kubana matumizi. Kinapunguza nguvu ya mota na kukataza mwendo wa juu, hata ukifungua gazi yote. Hiki nakipenda, kwa sababu kinafanya kazi ambayo adabu ingefanya bure. Lakini nimekwisha kuwajua vijana wetu. Siku ya kwanza watakizima.

Ya tatu ni ile inayoshika mwendo mmoja yenyewe, na nyingine kwenye magari makubwa inayofuata gari la mbele na kukaa ndani ya mistari ya barabara. Kwenye lami tambarare inasaidia kweli, kwa sababu mguu wa mtu hauachi kupanda na kushuka, na kila kupanda ni umeme. Lakini kwenye vilima, mashine inayong'ang'ania mwendo ule ule inasukuma kwa nguvu pale ambapo dereva mwenye akili angeacha mwendo upungue kidogo akijua mteremko unakuja. Na mistari ya barabara, ndugu zangu, niambieni iko wapi kati ya hapa na Kalemie. Msaada ule ulitengenezwa kwa njia za watu wengine.

Ya nne ndiyo ya hatari zaidi: ile namba kwenye kioo inayosema zimebaki kilomita fulani. Watu wanaiamini kama neno la mchungaji. Namba ile si unabii. Inatazama ulivyoendesha muda uliopita, inadhani utaendelea hivyo. Ukiwa umeshuka mteremko itakuambia zimebaki 50. Ukianza kupanda na mzigo, zinayeyuka mbele ya macho yako. Kuinua kilo 300 mpaka juu ya kilima cha mita 100 kunakula zaidi ya wati-saa 80, mwendo wa kilomita 2 za tambarare. Kioo hakikijui kilima kile. Wewe unakijua, umezaliwa hapa.

Na karatasi ya kiwanda ni hivyo hivyo. Magari yanayouzwa Ulaya hupimwa ndani ya chumba, juu ya magurudumu yanayozunguka, kwa dakika 30, mwendo wa kilomita 23 tu, na wastani wa kilomita 46 kwa saa. Hakuna mchanga mle, hakuna daraja la miti, hakuna gunia la muhogo nyuma. Sisemi wanadanganya. Nasema hawakupima njia yetu. Mfanyabiashara anayerudia namba ile hapa Niemba kana kwamba alipima yeye, huyo ndiye anayedanganya.

Lakini sitamwachia motari mzigo wote, maana hapo ningekuwa mwongo. Kijana yule aliyeishiwa esansi hakuzaliwa na haraka. Mashine si yake. Jioni lazima apeleke pesa ya mwenye mashine, mvua inyeshe au isinyeshe, abiria wawepo au wasiwepo. Akichelewa, kesho mashine anapewa mwingine. Mwenye mashine anakaa barazani, anahesabu pesa, hajui kwamba tairi yake, mnyororo wake na breki zake zinaliwa na haraka aliyoiagiza yeye mwenyewe. Papa, mama, ninyi wenye mashine: mkimpa kijana safari chache zenye utulivu, mashine itaishi muda mrefu zaidi kuliko mkimkamua kila siku. Mfugaji anayekamua mpaka damu hana ng'ombe mwakani.

Sasa nirudi kwa mzee wa gare na mawe ya Manono. Ana haki ya kukasirika. Mawe yale yako ndani ya jimbo letu la Tanganyika. Kampuni ya AVZ ya Australia ilihesabu pale zaidi ya tani milioni 400 za mawe yenye lithiamu. Kisha kukaja ugomvi wa vibali, kesi mbele ya mahakama za nje, na kampuni ya Zijin ya China ikapata sehemu yake. Wakubwa wanagombania mawe, na watu wa Manono wenyewe walijua giza ni nini mtambo wa Piana Mwanga ulipokufa. Hasira ile ni yangu pia.

Lakini hasira si sababu ya kutojifunza. Kigali ni mji wa vilima, na pikipiki za umeme zinapanda vilima vile kila siku. Kampuni ya Ampersand ilianza kule mwaka 2019, na tangu Januari 2025 serikali ya Rwanda inataka pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Walifanyaje? Hawakungoja betri isiyokwisha. Waliweka vituo, dereva anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, anaondoka kwa dakika chache. Ni lami, kweli, na ni mji, kweli. Nairobi mabasi ya BasiGo yanatoa abiria njia zile zile kila siku, na mtengenezaji anasema yanakwenda kilomita 250 hivi kwa chaji. Siri si muujiza wa betri. Siri ni kujua njia yako, kupima, na kupanga kabla ya kutoka. Sisi tunatoka kwanza, tunapanga tukishakwama.

Na hapa nawageukia ninyi ndugu zetu mliohamishwa na vita. Waliokimbia ugomvi wa Watwa na Waluba miaka ile, waliolala Katanika na sehemu nyingine za Kalemie kabla ya kurudi, na wale waliotoka upande wa Fizi na Uvira: hakuna mtu anayeweza kuwafundisha kupima. Mama aliyetembea siku tatu na watoto na dumu moja la maji anajua maana ya mwendo na akiba. Hakuwaacha watoto wanywe yote asubuhi ya kwanza kwa sababu dumu lilikuwa limejaa. Alitazama njia iliyobaki, akagawa. Hiyo ndiyo elimu yote ya kuendesha mashine ya umeme, na ninyi mnayo. Wenye mashine hawana.

Kwa hiyo mama, unapopanda pikipiki kwenda shambani au hospitali, usikae kimya nyuma kama gunia. Pesa ni yako na roho ni yako. Mwambie: "Mwanangu, pole pole, mimi nina wakati, sina pesa ya chupa nyingine." Akikataa, shuka. Motari watano wakishukiwa hivyo kwa wiki moja, wa sita atajifunza.

Ninyi wa chama cha wamotari, jioni moja fanyeni jaribio. Mashine mbili, lita moja moja, mzigo sawa, njia ya kwenda na kurudi. Mmoja aendeshe kwa fujo, mwingine kwa mkono mpole. Pimeni kilichobaki mbele ya watu wote, mama zetu wakiwepo. Sitaki mniamini mimi, nataka mhesabu wenyewe.

Na yeyote, awe mfanyabiashara, shirika au mkubwa wa serikali, atakayekuja kesho kutuletea pikipiki za umeme, tumwulize maswali matatu kabla ya kumpigia makofi. Umeipima kwenye njia ipi, na mzigo gani? Betri ikichoka baada ya miaka, nani ataibadilisha na kwa pesa ya nani? Na umeme wa kuijaza uko wapi, hapa Niemba, siyo kwenye picha? Akijibu kwa namba ya kiwanda, arudi nayo alikotoka.

Lakini tusingoje siku ile. Esansi tunayoimwaga leo ni pesa ile ile, na mama wa kando ya barabara ni mama yule yule. Mkono usiojua kubana lita moja hautajua kubana betri. Kesho alfajiri wamotari watawasha tena pale gare. Nitakuwepo, na nitapanda nyuma ya yule mtu wa maneno machache.